Fungua gemu za mwisho kabla ya kulipa

Ukinunua kimashine cha gemu za zamani pale Makoroboi, Mwanza, usibabaishwe na "gemu 620" za kwenye boksi. Mwambie muuzaji akichomeke kwenye TV, ruka kurasa za mwanzo, fungua gemu tatu nne za mwisho mwisho. Zile tamu mara nyingi hupangwa mbele. Nyuma ndiko zinakorundikwa zilezile kwa majina mengine, pengine imebadilishwa rangi ya shati la mchezaji tu, au unaanzia hatua ya tano. Kwa vimashine halisi vya gemu za zamani vya Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, njia hii haisaidii: NES Classic Edition ya 2016 ina gemu 30, Super NES Classic ya 2017 ina 21, na hazijirudii. Hapo soma orodha kwanza, uone kama ile unayoitaka imo.