Namna ya Kuchagua Upinde wa Kapi Uliotumika kwa Ajili ya Uwindaji

Upinde wa kapi, yaani wenye magurudumu ya kupitishia kamba kwenye ncha zake, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, ndio silaha ya wengi wanaowinda kulungu kwa mshale nchini Marekani. Upinde mpya wa daraja la juu unaweza kupita dola 1,000 kabla hata ya kununua mishale, na ndiyo maana wanaoanza huutafuta uliotumika. Mwongozo huu unamlenga msomaji aliyeko Marekani au Kanada, ambako kuna misimu maalumu ya kuwinda kwa upinde kwa wenye leseni. Nchini Kenya uwindaji wa namna hii umepigwa marufuku tangu 1977.

Jambo la kwanza kuuliza si bei wala jina la kiwanda, bali urefu wa mvuto, yaani umbali ambao kamba ya upinde huvutwa nyuma. Upinde wa kienyeji huvutwa kadiri mkono unavyopenda, lakini wa kapi hufika mahali ukagota, na mahali hapo pamekwisha kuamuliwa na umbo la kapi zake. Mvuto ukiwa mrefu kuliko unavyofaa mwili wako, upote, yaani kamba ya upinde, utakupiga mkononi na mkono wa kuvutia hautatulia mahali pamoja shavuni, kwa hiyo mishale itatawanyika hata ukifanya mazoezi mwaka mzima. Simama ukiegemea ukuta, nyosha mikono pande zote mbili bila kujilazimisha, umwombe mtu apime kwa inchi kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ya kingine, kisha ugawanye kwa 2.5. Mwenye inchi 70 atapata 28, na hapo ndipo pa kuanzia. Muulize muuzaji kama urefu huo hurekebishwa kwa kusogeza kipande kidogo kilichofungwa kwenye kapi, au kama ni lazima kubadili kapi nzima, kwa maana kapi za upinde ambao kiwanda kimeacha kuutengeneza ni shida kupatikana. Upinde usiokufaa kwa urefu uache, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Angalia pia kama ni wa mkono wa kulia au wa kushoto, ukikumbuka kwamba jicho lako lenye nguvu ndilo linalopaswa kuamua.

Uzito wa mvuto, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta upinde, huwapoteza wanunuzi wengi, hasa vijana. Majimbo mengi huweka kiwango cha chini cha kuwindia kulungu, mara nyingi pauni 40 au pungufu, na ni wajibu wako kusoma kanuni za jimbo lako kabla ya kununua. Kapi hupunguza mzigo mwishoni mwa mvuto: upinde wa pauni 70 unaopunguza kwa asilimia 80 hukuachia pauni 14 tu za kushikilia, lakini ni lazima kwanza uzipite zile 70. Kipimo ninachokiamini ni hiki: keti kitini, elekeza mshale kwenye shabaha, kisha vuta polepole bila kuinua upinde juu. Ukishindwa, huo ni mzito kwako, na asubuhi ya baridi kali juu ya mti utakuwa mzito zaidi. Pinde nyingi hupunguzwa takriban pauni 10 kwa kulegeza skrubu za juu na chini kwa kiasi sawa, lakini usizidishe mizunguko iliyotajwa na kiwanda, kwani mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili zinazopinda, inaweza kufyatuka.

Majaribio hayo yote yasubiri ukaguzi. Adui mkubwa wa upinde uliotumika ni kuachiwa upote bila mshale, maana nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale huurudia upinde wenyewe. Ukague mchana, kwenye mwanga. Pitisha pamba taratibu juu ya mikono yote ya upinde, hasa kwenye kingo na karibu na ekseli ambazo kapi huzungukia; nyuzi za pamba zikinasa, huenda pana ufa ambao jicho halikuuona, na ufa hautengenezwi. Tazama kapi kwa nyuma uone kama zimepinda, na kama kingo zake zina mikwaruzo mikali inayoweza kukata upote.

Upote wenyewe usikutishe, kwa kuwa hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiwa umechanika nyuzi au kutoa manyoyamanyoya, jua kwamba utalipia upote mpya na nyaya zake, mara nyingi zaidi ya dola 100 pamoja na kazi ya fundi, na upunguze kiasi hicho kwenye bei.

Usivutwe na vifaa vinavyoambatanishwa. Mishale ya bure ni hatari ikiwa haifai kwa upinde huo: uzito wake usiwe chini ya greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa mshale) kwa kila pauni ya mvuto, yaani greni 300 kwa upinde wa pauni 60, na mshale wowote wa kaboni unaolia ukiupinda kidogo utupwe. Fahamu pia kwamba dhamana ya viwanda vingi humhusu mnunuzi wa kwanza peke yake.

Kwa sababu hiyo, pendekeza mkutane kwenye duka la mishale ili fundi apime urefu na uzito kwa mizani yake kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.