Seva ikielemewa kwa muda: tanguliza maombi madogo

Mwongozo huu ni wa seva ya Linux inayotoa mafaili, ambayo huelemewa kwa dakika kadhaa kisha ikatulia. Ikiwa inaelemewa kutwa kucha, ongeza mashine. Kupanga foleni hakuongezi nguvu.

Kwa kawaida miunganisho yote hugawana laini, kwa hiyo ukurasa wa kilobaiti 8 unasota pamoja na video ya megabaiti 700. Mwaka 1968 Linus Schrage alithibitisha kuwa kuhudumia kwanza kazi iliyobakiza kidogo ndiko kunakoleta wastani mdogo kabisa wa muda wa kusubiri. Sisi tutafanya toleo la kivivu: makundi mawili tu.

1. Jua kinachobana. Fungua `top`. Prosesa ikiwa imejaa, ishia hapa. Laini ikiwa ndiyo imejaa, endelea.

2. Tenga mafaili makubwa. Yape poti yake, tuseme 8443, kwenye Nginx (programu inayotoa mafaili kwa wageni). Mimi huhesabu faili kuwa kubwa kuanzia megabaiti 1.

3. Panga foleni kwa tc, amri ya Linux ya kupanga pakiti zinazotoka kwenye kadi ya mtandao (hapa `eth0`). Hapa ndipo watu hukesha.

```
tc qdisc add dev eth0 root handle 1: htb default 10
tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:10 htb rate 95mbit
tc qdisc add dev eth0 parent 1:10 handle 10: prio
tc filter add dev eth0 parent 10: protocol ip u32 match ip sport 8443 0xffff flowid 10:3
```

Hapo htb inaweka kikomo cha kasi, na prio inatanguliza kundi moja mbele ya jingine. Wengi huruka htb na kuweka prio peke yake. Amri inakubali, na hakuna kinachobadilika. Sababu ni kwamba kadi yako ni ya gigabiti 1 ilhali laini ni megabiti 100: foleni inajijenga kwenye ruta ya mbele, isiyojua lipi dogo lipi kubwa. Pima laini, kisha weka kasi chini yake kidogo (95 hapo juu ni ya laini ya 100), ili foleni ibaki kwako. Wakati wa msongamano endesha `tc -s qdisc show dev eth0`. `Backlog` (pakiti zinazosubiri) ikiganda kwenye 0, foleni iko kwingine.

Halafu, `protocol ip` hukamata IPv4 pekee. Wageni wa IPv6 wanapita pembeni hadi uongeze kichujio chao (`protocol ipv6`, `match ip6 sport`). Na kama kuna proksi (programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Nginx) mbele kwenye mashine hiyohiyo, pakiti hutoka na poti ya proksi, si 8443.

Mashine ikizimwa, amri hizi hupotea. Ziweke kwenye systemd, inayoendesha huduma mashine inapowaka.

4. Weka kikomo cha kasi ya maombi. Tumia `limit_req` ya Nginx, pamoja na `limit_req_status 429` (maombi yamezidi), maana bila hiyo hujibu 503 (huduma haipatikani). Kupandisha `worker_connections` (idadi ya miunganisho inayokubaliwa kwa pamoja) kama dawa sikupendi kabisa. Unarefusha foleni tu.

5. Wapakuaji. Mafaili madogo yakijaza laini yote, makubwa husimama kabisa na mengine hukatika. Hakikisha upakuaji unaendelea pale ulipoishia: ukatishe katikati, kisha jaribu `curl -C - -O`.