Printa kubwa inakwamisha karatasi kila saa? Anza na rimu kabla hujamwita fundi

Wadau wa steshenari na ofisi za shule, msimu wa mitihani ndio huu, printa zinapiga kazi asubuhi mpaka usiku na kila kona malalamiko ni yale yale, karatasi zinakwama, zinavutwa mbili mbili, zinatoka zimejikunja. Wengi wanamkimbilia fundi. Mimi nasema kabla hujampigia, toa karatasi iliyomo kwenye trei uishike uiangalie vizuri, kwa sababu mashine inayotoa kurasa 60 kwa dakika inavuta karatasi moja kila sekunde, haina muda wa kubembeleza karatasi yenye kasoro.

Tuanzie dukani. Kazi ya kawaida inataka A4 ya gramu 80. Hizo gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ndio zinafanya mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5 na rimu ya karatasi 500 inafika kilo mbili na nusu hivi. Hesabu hii ishike kabisa maana itakuokolea hela. Rimu imeandikwa 80 halafu ukiiweka kwenye mzani inasoma kilo 2.2, basi ama ndani kuna gramu 70 ama karatasi hazifiki 500, vyovyote vile umelipia kitu ambacho hujapewa. Mzani wa kupimia sukari unatosha, mwombe muuza akupimie hapo hapo.

Gramu 70 sio haramu, kwa upande mmoja inafanya kazi. Ila ukichapa pande mbili maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, na mtoto aliyekaa kwenye chumba cha mtihani anaangalia mchoro wa moyo au grafu hatakiwi kuanza kubahatisha mstari upi ni wa ukurasa huu na upi wa nyuma. Kwa mitihani weka 80, hapo usibane matumizi.

Kitu cha kutoweka kabisa ni zile karatasi za picha zinazong'aa za printa za wino. Laser, yaani printa inayotumia tona (wino wa unga) badala ya wino wa maji, inayeyusha tona hiyo kwenye karatasi kwa fyuza, sehemu ya ndani yenye rola za moto ambayo joto lake linafika kama nyuzi 200, ule utando wa kung'aa unaweza kuyeyuka ukagandia humo ndani, na fyuza sio kifaa cha bei ya mchezo. Stika nazo nunua zilizoandikwa ni za laser, na karatasi ya stika iliyokwishabanduliwa vipande usiirudishe kwenye mashine, gundi ipo wazi pale. Karatasi zilizotumika upande mmoja pia ziache, tona ya zamani inayeyuka upya na pini moja ya stepla iliyosahaulika inatosha kuchana drumu, ile silinda inayopeleka tona kwenye karatasi. Fanyia rafu.

Sasa unyevu. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa kwetu, hasa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, na masika ya Machi mpaka Mei ndio balaa zaidi. Karatasi inavuta maji kutoka hewani hata kama hujaimwagia kitu, ikifika kwenye fyuza yale maji yanageuka mvuke, karatasi inajikunja, na tona haishiki sawasawa unaona herufi zimefifia sehemu sehemu. Ukiona kingo za rundo zina mawimbi ujue tayari imeshavuta. Na dalili nyingine nzuri, kama upande mmoja unatoka salama lakini pande mbili inakwama, chunguza unyevu au wembamba wa karatasi kwanza, kwa sababu karatasi imepita kwenye joto mara ya kwanza ikajikunja, halafu inarudi kupita tena ikiwa imejipinda. Kwa hiyo katoni usiiweke kwenye sakafu ya simenti wala usiiegemeze ukutani, weka juu ya mbao. Rimu ifungue pale unapopakia tu, inayobaki irudishe kwenye karatasi yake au mfuko wa plastiki. Na kama imetoka stoo ya kwenye AC kuja chumba cha joto iache ikiwa imefungwa mpaka kesho yake ndio uifungue.

Kupakia. Ukifungua rimu tupa ile ya juu kabisa na ya chini kabisa kama zimeguswa na gundi ya kifungio. Shika rundo dogo dogo, lipepee kingo zote mbili hewa iingie, maana karatasi mpya zinagandana kwa umeme tuli na kwa makali ya kisu cha kiwandani, kisha gonga kwenye meza mpaka kingo zilingane. Mshale uliopo kwenye kifungio unaonyesha upande wa kuchapa kwanza. Uso uangalie juu au chini inategemea mashine na trei, kwa hiyo chora alama ya X kwa penseli kwenye karatasi ya juu, chapa ukurasa mmoja, utajua, hii inasaidia sana hata kwa karatasi zenye nembo ya shule.

Usizidishe ule mstari wa kikomo kwenye trei. Vile vibano vya pembeni viguse karatasi bila kuiminya, vikilegea inaingia upande, vikibana inapinda katikati. Na hili la kuongezea karatasi mpya juu ya zilizobaki liacheni jamani, pale zinapokutana ndipo zinavutwa mbili. Toa zote, changanya, gonga, rudisha.

Halafu iambie mashine umeweka nini. Ukiweka manila ya gramu 160 na setingi inasema karatasi ya kawaida, tona inafutika kwa kidole, ukiweka nyembamba na setingi inasema nzito inapigwa joto kupita kiasi na kujikunja. Manila ipitishe trei ya pembeni. Na kama printa inang'ang'ania kudai Letter wakati trei imejaa A4, trei haina kosa, dokumenti ndiyo imewekwa saizi ya Marekani ya milimita 216 kwa 279, badilisha kwenye kompyuta iwe 210 kwa 297.

Kabla ya kuachia kopi elfu mbili, toa ishirini za pande mbili, sugua tona kwa kidole, angalia kujikunja. Zikijikunja kidogo geuza rundo zima kwenye trei ujaribu tena. Zikikwama na karatasi ni kavu na nzuri, futa rola za kuvutia kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye unyevu kidogo. Bado zinakwama? Haya, sasa mpigie fundi.