Jinsi ya kuomba kukaza hukumu kwenye kiwanja au nyumba ya mdaiwa

Kukaza hukumu ni kuitekeleza kwa msaada wa mahakama ili ulipwe. Kushinda kesi ya madai hakuifungi ardhi ya mdaiwa. Hukumu ikisomwa leo, kesho anaweza kuuza kiwanja chake, mpaka mahakama itoe amri ya kukikamata. Amri hiyo huombwa. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, kwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu.

Chukua kwanza nakala iliyothibitishwa ya tuzo, yaani hati ya mahakama inayoeleza kilichoamriwa kwenye hukumu. Kinachokazwa ni tuzo, kwa hiyo jina au tarakimu iliyokosewa isahihishwe kabla hujaendelea.

Kisha chunguza mali, na hapa usiwe na haraka. Omba upekuzi, yaani daftari la ardhi liangaliwe, kwa Msajili wa Hati kwa namba ya hati, au ya kiwanja na kitalu. Majibu yataonyesha mmiliki ni nani na kama kuna rehani. Benki iliyosajili rehani mapema hulipwa kwanza; wewe utapata kinachobaki, kama kipo. Halafu ulizia nani anaishi humo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakataza kukamata nyumba ambamo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Ukitaja nyumba hiyo peke yake, umepoteza ada na miezi. Tafuta nyumba ya kupangisha, fremu za maduka au kiwanja kitupu.

Kwenye ombi andika namba ya shauri, wahusika, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kilichokwisha kulipwa, maombi ya awali ya kukaza hukumu, deni lililobaki pamoja na riba na gharama, na mali yenyewe: mahali ilipo, mipaka au namba, na sehemu anayomiliki mdaiwa. Una miaka 12 tangu tarehe ya tuzo, lakini ukipitisha mwaka 1, mdaiwa huitwa kwanza aeleze kwa nini hukumu isikazwe.

Amri ikitoka, hubandikwa penye mali na mahakamani. Peleka nakala pia kwa Msajili wa Hati, ubaki na yenye muhuri wa kupokelewa: mnunuzi hupekua daftari, haendi kusoma ubao wa mahakama.

Mke, ndugu au aliyenunua zamani akileta pingamizi, mahakama hulichunguza kwanza. Majibu ya upekuzi ndiyo silaha yako. Pingamizi lisipokuwepo, dalali wa mahakama hutangaza mnada, usiofanyika kabla ya siku 30 tangu tangazo libandikwe mahakamani. Mshindi wa mnada hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15.