Kumchora fukusi akiwa hai: anza na wa mgombani

Kazi inayonilisha ni kuandika vibao vya maduka hapa Moshi mjini. Jumamosi nikipanda Kibosho kwa mama, nachora wadudu. Vijana wanaonitembelea hunijia na ombi lile lile: nifundishe kuchora kipepeo. Nawajibu, kipepeo baadaye, leo tunachora fukusi, yule mdudu mgumu mwenye mdomo mrefu kama mkonga.

Nina sababu zangu. Kipepeo hatulii, na rangi zake zinakudanganya uone umechora vizuri kumbe umepaka tu. Fukusi wa migomba ni mweusi tii, mwendo wake wa pole, hana haraka ya kuruka, na ukimgusa anakunja miguu na kujifanya amekufa. Utapata wapi mtu wa kukukalia hivyo bila malipo? Tena ukiweza kumpa uhai mdudu mweusi kwa penseli, wenye rangi hawatakusumbua.

Hatua ya 1: Mpate

Tafuta mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Kata kipande cha shina lake, kama sentimita 30, kipasue katikati kwa urefu, halafu kilaze karibu na shina la mgomba mwingine, upande uliopasuliwa ukiangalia chini. Fanya hivyo jioni, maana fukusi huyu hutembea usiku akifuata harufu ya mgomba uliokatwa. Baada ya siku tatu kifunue asubuhi. Utawakuta wamejibanza kwenye unyevu, kila mmoja na urefu wa milimita 10 hadi 15. Ukimwona mwekundu-kahawia usidhani ni aina nyingine. Huyo ndiyo kwanza ametoka, bado hajaiva.

Kwa wadudu wa rangi tumia mwavuli, na uwe wa rangi nyepesi. Ufungue, ugeuze juu chini, uushike chini ya tawi la mbuni au ua wa nyumba, kisha utikise tawi mara mbili kwa nguvu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata buibui, viwavi na antestia, yule kunguni wa kahawa mwenye umbo la ngao na madoa meusi, ya chungwa na meupe. Bonde zima la rangi ndani ya mwavuli wa mtumba.

Hapo usiingize vidole ovyo. Yupo mdudu mwembamba mwenye vipande vyeusi na vya chungwa, wengi wanamwita Nairobi flai. Haumi wala hachomi, ila akipondwa juu ya ngozi maji yake yanaleta malengelenge, na ukijipangusa jicho kwa mkono huo utajuta. Akikutambalia, mpulize. Mbawakawa wenye mistari myeusi na mekundu au ya njano wanaokula maua nao wana sumu ya malengelenge. Wachukue kwa kijiti. Na ukiwa ndani ya hifadhi, iwe Arusha au Kilimanjaro, piga picha tu. Kuondoka na mdudu kunahitaji kibali.

Hatua ya 2: Mtulize

Mtie kwenye kopo lenye kipande cha karatasi, uliweke kwenye friji dakika 10. Isiwe friza, utamuua. Atatoka mzito, akupe dakika chache za kazi, kisha unamrudisha tena. Andika jina juu ya kifuniko. Mimi sikuandika, mama akafungua akidhani ni siagi, na kesi ile bado haijaisha.

Hatua ya 3: Mtazame kabla ya kushika penseli

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo penye utamu wote.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Isogeze hadi karibu iguse jicho, kisha mlete mdudu kwenye lenzi. Wengi hufanya kinyume: wanashika lenzi mbali kama wanasoma gazeti, halafu wanalalamika hawaoni kitu. Kama huna lenzi, tone dogo la maji juu ya kioo cha kamera ya simu linakuza vya kutosha. Angalia tu lisitiririke.

Sasa jiulize maswali. Miguu mingapi? Sita ni mdudu, minane ni wa ukoo wa buibui. Akiwa mrefu mwenye miguu lukuki, tazama pingili moja: jozi mbili za miguu ni jongoo, jozi moja ni tandu, na tandu usimshike. Mabawa ya juu ni magumu, yamekutana kwa mstari ulionyooka katikati ya mgongo? Huyo ni mbawakawa. Yakipishana na kuacha alama kama X, upo kwa kunguni: antestia, au kangambili mwekundu anayechafua pamba.

Fukusi ni mbawakawa aliyerefuka uso. Duniani kote zimeshaelezwa aina zake zaidi ya 50,000, kwa hiyo usijitese kutafuta jina la mwisho. Angalia mambo mawili. Kwanza mdomo: ni mrefu na mwembamba, umepinda kama mkonga? Pili vipapasio: vina kiwiko, na vinaota wapi? Kwa fukusi wa migomba, na kwa fukusi mdogo wa mahindi, vinaota karibu na macho. Kwa wale wanaokata kingo za majani ya kahawa usiku na kuziacha na meno kama msumeno, mdomo ni mfupi na mpana, na vipapasio vinaota karibu na ncha.

Jaribu macho yako na mahindi ya nyumbani. Fukusi wa mahindi ana milimita tatu hadi nne, mara nyingi na madoa manne mekundu-chungwa mgongoni. Dumuzi, yule wanayemwita Skania, hana mkonga kabisa. Yuko kama kipande cha penseli, kichwa kimejificha chini ya kifua. Si fukusi, ingawa gunia moja linawalisha wote. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako hutaisahau.

Hatua ya 4: Chora mifupa yake

Mweke juu ya karatasi ya grafu, usome urefu na upana. Fukusi wa milimita 12 mkuze mara 10, atakuwa na sentimita 12 kwenye karatasi. Pembeni chora mstari mdogo unaoonyesha milimita moja ya kweli imekuwa kiasi gani.

Piga mstari wa katikati kwa penseli ngumu, ile yenye alama ya H, kwa wepesi. Gawa: kichwa na mdomo, kifua, mabawa. Kwa fukusi wa migomba wanafunzi wangu wote hukosea kifua. Wanakichora kidogo kama cha mende, kumbe ni kirefu, kina vishimo vingi kama ndimu. Na mabawa hayafiki mwisho. Ncha ya tumbo imechungulia nje.

Chora nusu moja tu. Ikikuridhisha, inakili kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, igeuze, uisugue upande wa pili. Ni mbinu ya vibao hiyo, ndivyo tunavyofanya herufi A isiende upande.

Miguu ichore mapema, kabla hujanogewa na mgongo. Jozi ya mbele inatoka kwenye kifua. Jozi nyingine mbili zinatoka chini ya usawa wa mabawa, hazitoki tumboni karibu na mkia. Mama aliwahi kutazama picha yangu ya kwanza akasema, "Mwanangu, huyu ukimsimamisha ataanguka kifudifudi." Alikuwa sahihi. Kwenye wayo, fukusi wengi wana kipande kilichopanuka kama moyo. Ndicho kinachomshikilia asiteleze.

Hatua ya 5: Rangi

Mweusi hapakwi kwa penseli nyeusi peke yake, atakuwa shimo kwenye karatasi. Anza na zambarau iliyokolea, juu yake kahawia, kisha nyeusi kwenye kingo na ndani ya vishimo. Mahali mwanga wa dirisha unapogonga mgongo, acha karatasi yenyewe, usiguse. Ukingo wa mng'ao huo uwe mkali, usiufifishe kwa kidole. Kinachomfanya mdudu aonekane anang'aa ni ukali wa mpaka kati ya giza na weupe.

Wale fukusi wa majani wenye kijani au buluu, rangi yao iko kwenye magamba madogo mithili ya vumbi. Ukiwashika kwa vidole inabaki mkononi, kama kipepeo. Magamba hayo hayana rangi ya kupaka; umbo lake la ndani ndilo linalovunja mwanga, ndiyo maana mfu wake anabaki kuwaka miaka mingi wakati panzi wa kijani akifa anageuka majani makavu. Kwa hao, weka nukta moja moja za kijani, buluu na njano zilizokaribiana juu ya kijivu. Usichanganye. Jicho litachanganya lenyewe.

Hatua ya 6: Lebo

Mahali, tarehe, mmea uliomkuta, ukubwa. Picha bila hayo ni pambo tu. Ukipiga na picha ya simu ukaiweka iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua viumbe, taarifa hizo hizo ndizo zitakazowasaidia wajuzi kukutajia ukoo wake.

Baada ya hapo, kila mdudu anarudi kwenye tawi alikotoka, isipokuwa fukusi wa migomba na antestia. Hao wanakwenda kwa kuku, ndiyo masharti ya mama, kwa sababu mtoto wa fukusi ndiye anayetoboa kitako cha mgomba na upepo kidogo tu unaulaza mgomba wa mama wa mshare, ile ndizi ya kupika, chini na mkungu. Kuku wenyewe wamenizoea, wananifuata nikibeba kopo. Siku moja jogoo alipanda mezani nikiwa natafuta kichongeo. Picha ile ipo ukutani mpaka leo, mgongo umekamilika hadi kishimo cha mwisho, na miguu minne.