Fanya Haya Kabla Ardhi Haijaganda: Kungojea Theluji Vijijini Lapland

Wageni wanaohamia huku huuliza kwanza koti gani la kununua. Koti linaweza kungoja. Cha kuuliza ni ardhi itaganda lini, maana kazi zote za vuli (huku ni majira kati ya kiangazi na baridi) zinapangwa kwa hilo, na siku yenyewe haitangazwi.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani katika vijiji vya Sodankylä, kaskazini mwa Ufini, kilomita kama 130 kupita mji wa Rovaniemi. Kazi hii ni gari na barabara, na wazee ndio walimu. Mwongozo huu ni kwa atakayepanga nyumba yenye uwanja. Ukipanga ghorofani mjini, soma ya gari na nguo, mengine ruka.

Anza na fito za njia. Ni fito nyembamba za mbao au plastiki, zinachomekwa kulia na kushoto kwa njia inayoingia uani. Januari, trekta la kusukuma theluji linapokuja alfajiri, dereva haoni njia, haoni bustani, wala haoni ngazi. Anachokiona ni fito tu, na pale usipoweka fito ndipo atakapopita na sanduku lako la barua. Septemba, majani yakiwa mekundu na manjano msitu mzima (wenyeji wanaita ruska, na watalii hufurika kuja kuitazama), fito inaingia ardhini kwa mkono. Novemba utahitaji mtaimbo na nyundo, na huenda fito ikavunjika kabla udongo haujakubali. Weka moja pia kwenye mfuniko wa kisima. Mwenye trekta naye mpigie wakati huohuo mkubaliane bei, kwa sababu theluji ikishaanguka kila mtu anampigia yeye.

Bomba la nje: funga koki ya ndani, fungua ya nje maji yaishe, kisha iache wazi hivyo hivyo. Mpira wa bustani umwage maji, uuzungushe, uupeleke stoo. Maji yakiganda yanatanuka na kupasua chuma.

Kuni za kuchoma baridi hii zilitakiwa zikatwe tangu mwisho wa baridi iliyopita na kukaushwa kiangazi kizima. Ukinunua, gonga vipande viwili: vikitoa mlio mkali vimekauka, vikitoa mlio mzito rudisha. Koivu, ule mti wa gome jeupe, ndio kuni za heshima, kwani moto wake unadumu na haurushi cheche kama msonobari. Dohani isafishwe na fundi kila mwaka kwa nyumba inayokaliwa. Ndiyo sheria, na masizi yakishika moto ndani ya dohani utaielewa sababu. Halafu kuna ile sahani ya chuma inayoziba dohani ili joto lisitoroke. Usiifunge makaa yakiwa bado mekundu. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunajua habari za waliolala nalo chumbani. Gesi ya sumu ni ileile, haina harufu huku wala kule.

Sasa gari. Sheria ya Ufini inataka matairi ya baridi kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa au ya barabara ikidai, yenye mifereji ya kina kisichopungua milimita 3. Huku kwetu hali inadai mapema, kwa hiyo usisubiri kalenda. Weka miadi ya gereji Septemba. Mimi nachagua matairi ya misumari, na sibishani na mtu juu ya hilo, kwa sababu hatari kubwa haiko kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri bali pale kipimajoto kinapocheza karibu na sifuri. Mvua inanyesha, lami inaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu. Kwenye barabara tupu gusa breki kidogo ujue unakanyaga nini. Hakikisha pia gari lina hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme. Kwenye baridi kali ichomeke masaa mawili matatu kabla ya kuondoka.

Wanyama wa barabarani vuli ni kulungu wa huku, reindeer, ambao wote wana wenyewe. Akivuka mmoja, punguza mwendo hadi wa kutembea, maana wenzake wako nyuma na hawapishi gari. Ukimgonga, piga 112 hata kama amekimbilia msituni.

Nguo kwa kifupi: sufu ndiyo iguse ngozi, pamba hapana, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakuganda mwilini. Viatu vikuzidi namba moja ili soksi nene ya sufu iingie na hewa ibaki. Glavu za vidole tano ni za mjini. Huku vaa zile za vidole kukaa pamoja. Na rifleta, kile kipande kinachong'aa kikimulikwa, ining'inie kwenye koti, usawa wa taa za gari. Sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe nayo gizani.

Giza lenyewe usilichukulie kama hadithi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na mwishoni mwa Novemba saa kumi alasiri ni usiku kamili. Kule Utsjoki, kaskazini zaidi, jua likizama wakati huo halionekani tena hadi katikati ya Januari. Mbaya kuliko yote ni zile wiki ambazo theluji haijatulia: ardhi nyeusi, mbingu nyeusi. Ndiyo maana wazee ninaowatembelea hukaa dirishani wakiiomba ishuke. Ikishatanda, hata mwanga wa nyota unatosha kuiona njia.

Theluji ya kwanza mara nyingi inayeyuka, basi reki isiende stoo bado. Inayofuata isukume ikiwa mpya na kavu, kabla gari halijaikanyaga. Ndoo ya mchanga wa kumwaga kwenye ngazi usiteleze iweke ndani ya mlango, kwa maana mchanga wenye unyevu ukilala nje asubuhi ni jiwe.