SOMO: Santuri inakwaruza? Anza na sindano kabla ya kuosha

Habari za wakati huu, wakuu. Tangu watu waanze kufukua makasha ya wazee wao na kununua santuri za mtumba, maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja: "Nina santuri ya zamani, inakwaruza, niioshe na nini?" Kabla ya kufika kwenye sabuni mimi huuliza, sindano yako ina umri gani? Wengi hawajui. Mashine ilikuja na sindano yake kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, imepiga miaka na miaka, na leo ndiyo inayotua juu ya santuri iliyonusurika tangu 1974.

Ncha ya sindano nzuri ni chembe ya almasi. Inadumu saa mia kadhaa, zilizochongwa vizuri zaidi hukaribia elfu moja. Za bei poa huwa za yakuti, na hizo huisha mapema sana. Ikiisha haikatiki wala haidondoki, ndiyo maana mtu hashtuki: inalika upande na kuacha makali, halafu inakuna kuta za mfereji, ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, kama mbuzi anavyokuna nazi. Santuri chafu inaoshwa ikapona. Iliyokunwa imekwenda.

1. Sindano

Kama hujui imepiga saa ngapi, hesabu kwamba imekwisha, nunua nyingine. Namba iko kwenye katriji, yaani kile kichwa kidogo mwisho wa mkono wa mashine, au kwenye kishikizo cha plastiki cha sindano yenyewe. Katriji nyingi hazihitaji kubadilishwa nzima. Kishikizo kinachomoka kwa mbele na kipya kinapachikwa.

Kuisafisha: brashi ndogo laini, kavu, kutoka nyuma kuja mbele tu. Ukienda mbele kwenda nyuma au ubavuni, unapinda kile kijiti chembamba kinachobeba almasi. Kidole usipeleke kabisa.

2. Uzito wa mkono

Hapa ndipo santuri nyingi zinapouawa, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza mashine ikae sawa. Chukua pimamaji ya fundi, iweke juu ya sahani ya kuzungushia, kisha geuza miguu ya mashine au tia vipande vya kadibodi mpaka povu likae katikati.

Sasa weka kitufe cha kuzuia mkono kuvutwa ndani kwenye 0. Toa kifuniko cha sindano, fungua mkono, ushike usiangukie chochote. Zungusha ule uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani, ulale sambamba na sahani, haupandi wala haushuki. Ukiisha elea, urudishe kwenye kishikio chake, kisha zungusha pete ya namba peke yake isome 0, bila kugusa uzito. Kutoka hapo zungusha uzito pamoja na pete mpaka ufike gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Audio-Technica AT-VM95E inataka gramu 2. Ortofon 2M Red inataka 1.8. Mwisho, kile kitufe cha mwanzo kipeleke kwenye namba hiyo hiyo.

Ukitaka uhakika, vile vimizani vidogo vya kupimia dhahabu vinafanya kazi vizuri, mradi vinasoma sehemu ya kumi ya gramu.

Kuna watu wakiona sindano inaruka wanabandika sarafu juu ya kichwa. Inaacha kuruka, kweli, kwa sababu sasa inalima. Lakini wako pia wanaopunguza uzito chini ya kiwango wakidhani wanaionea santuri huruma, na hawa nao wanaharibu: sindano nyepesi mno haishiki mfereji, inadundadunda ndani yake na kugonga kuta. Fuata namba ya mtengenezaji.

Na zile mashine za sanduku zenye spika ndani? Nyingi zina katriji ya seramiki, mkono hauna cha kurekebisha, na uzito wake hukaribia gramu tano. Kujifunzia sawa. Santuri adimu ya marehemu babu usiiweke humo.

3. Kuosha

Unahitaji maji yasiyo na madini, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na manukato mengi, vitambaa viwili vya maikrofaiba, na brashi pana yenye nywele laini. Maji ya bomba au ya kisima usiyatumie kusuuzia, hasa Pwani ambako yana chumvi. Yakikauka, madini yanabaki ndani ya mfereji na umejitengenezea kelele mpya. Hayo yasiyo na madini, yaani maji yaliyotoneshwa, yanauzwa duka la dawa, na kituo cha mafuta wanayo ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri: kuna wauzaji wanaoita hata asidi "maji ya betri".

Nusu lita ya maji, matone mawili au matatu ya sabuni. Povu jingi si usafi, ni kazi ya kusuuza. Kama kuna alama za vidole zenye mafuta au ukungu, unaweza kuongeza spiriti safi ya isopropili, isizidi sehemu moja kwa nne za maji. Spiriti ya kidonda iache, baadhi huwekwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye santuri.

Anza kwa kufagia vumbi santuri ikiwa kavu. Ukimwagia maji juu ya vumbi umetengeneza tope. Kisha ilaze juu ya taulo safi, lowesha brashi, na sugua kwa kufuata mzunguko. Kila upande una mfereji mmoja tu unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na uchafu unatoka ukiufuata. Ukikata kwa kuvuka unausukuma tu huku na huku. Lebo ya katikati isilowe. Karatasi hiyo ikivimba, au wino ukichuja, jina la wimbo na namba ya santuri vimekwenda, na kwa wakusanyaji hiyo namba ni nusu ya thamani.

Suuza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu yaliyotoneshwa, mara mbili ukiweza. Kausha kwa kitambaa cha pili, kisha isimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Usiirudishe kwenye mfuko wake wa zamani uliojaa vumbi. Tafuta mfuko mpya wa ndani, vinginevyo umefanya kazi bure.

Jambo moja kuhusu zile sahani ndogo za mwendo wa 45 za benga na rumba zilizochapwa Nairobi. Wimbo mrefu uligawanywa pande mbili: sehemu ya 1 upande wa kwanza, sehemu ya 2 upande wa pili. Magitaa yakichanganya ni kule upande wa pili, na ndio uliopigwa zaidi, kwa hiyo ukienda kununua geuza kwanza. Upande A unaong'aa usikudanganye.

4. Kupiga

Shika ukingoni na kwenye lebo tu. Chagua mwendo, yaani mizunguko kwa dakika: 33⅓, 45 au 78. Fagia kwa brashi kavu mara moja kabla ya kila upande. Shusha kwa wenzo wa kupandishia mkono.

Ukiunganisha moja kwa moja kwenye sabufa, sauti itakuwa ndogo na kavu, haina besi. Mashine haijaharibika. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni inayofuatwa tangu 1954, na lazima kuwe na kifaa cha kuvirudisha. Tafuta amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO, au kiboksi cha fono cha kuweka katikati. Mashine mpya nyingi zinacho ndani; swichi yake iko nyuma. Ukisikia mvumo wa umeme, ule waya mwembamba wa athi haujafungwa.

5. Kuhifadhi

Zisimame wima, zikiwa zimebanana kiasi. Zikilazwa rundo, za chini zinapinda na kava zinachubuka. Mbali na dirisha. Ndani ya gari lililofungwa juani usiache hata kwa muda wa kuingia dukani. Adui wa Pwani ni unyevu: kabati lisigusane na ukuta, mlango ufunguliwe mara kwa mara, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Mkuu, shukrani kwa somo. Shemeji yangu aliniletea mashine kutoka Marekani, nikanunua transfoma ya kushusha umeme. Inazunguka, lakini waimbaji wote wana sauti nzito na mwendo ni wa kivivu. Mkanda nimebadilisha tayari.

Jibu: Mkanda hauna kosa, mkuu. Transfoma inashusha volti, lakini Marekani umeme ni Hz 60 (mapigo kwa sekunde) na kwetu ni Hz 50, na hilo transfoma haibadilishi. Mota yako ni ya aina inayofuata hiyo Hz, kwa hiyo inazunguka pungufu kwa moja ya sita: 33⅓ inakuwa takriban 27.8. Dawa ni puli ya mota yenye kipenyo kikubwa zaidi, ya Hz 50. Baadhi ya watengenezaji walizitoa, au fundi wa mashine ya kukereza akuchongee. Mashine za mota ya DC, au zenye kidhibiti cha kwazi (fuwele inayoshikilia mwendo) kama Technics SL-1200MK2, hazina shida hii. Wanaoagiza Japani nao waangalie: volti ni 100 nchi nzima, ila Tokyo ni Hz 50 na Osaka ni 60.

Swali (Mombasa): Asalaam aleikum. Marehemu nyanya ametuachia sahani nzito nyeusi za taarab, zimeandikwa 78. Naweza kuziosha hivi ulivyoeleza na kuzipiga kwenye mashine yangu ya kisasa?

Jibu: Waaleikum salaam, dada, na poleni. Kwanza zishike kwa mikono miwili, zikianguka zinavunjika kama bilauri. Hizo si plastiki, ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ndizo sahani za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi 1928. Spiriti ya aina yoyote inayeyusha shelaki, kwa hiyo isopropili usiweke hata tone. Maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni, haraka, kisha kausha papo hapo.

Sindano ya kisasa ni nyembamba mno, inaburuzika chini kabisa ya mfereji na kuokota kelele. Inatakiwa yenye ncha ya nusu kipenyo cha takriban mikroni 76 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati ya santuri za kawaida ni kama 18. Kama mashine yako haina mwendo wa 78, tia hiyo sindano nene, piga kwa 45, rekodi kwenye kompyuta, kisha ongeza kasi kwa asilimia 73.3 ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. Na kinyume chake: santuri ya plastiki isiguse gramafoni ya kukaza kwa mkono. Sindano yake ni chuma na kichwa kina uzito mkubwa mno, mara moja tu inatosha kuimaliza.

Swali (Nairobi): Boss, yangu imepinda juu ya jua. Niipige pasi kidogo juu ya kitambaa?

Jibu: Hapana. Wala oveni. Mfereji unayeyuka kabla santuri haijanyooka. Kama sindano inapanda na kushuka bila kuruka, ipige hivyo hivyo. Ikiwa inaruka, kuna mashine za kunyoosha zinazopasha joto polepole katikati ya bamba mbili. Tafuta mkusanyaji mwenye nayo.

Swali (Muscat): Za huku tumeziweka kwenye chumba cha AC mwaka mzima, lakini zinadaka vumbi na kupasuka pasuka sauti, hata zikiwa zimeoshwa.

Jibu: Hewa kavu inaleta umeme tuli, ndugu yangu, na huo ndio unaovuta vumbi. Tumia brashi ya nyuzi za kaboni huku mkono mwingine umegusa chuma cha mashine, na badilisha mifuko ya ndani ya karatasi uweke laini ya plastiki.

Swali (Tanga): Muuzaji wangu anazipaka mafuta ya nazi zing'ae. Kuna ubaya?

Jibu: Badilisha muuzaji. Ulizonazo zioshe kwa sabuni mara mbili kabla sindano haijazigusa.

Swali (Morogoro): Nimekuelewa kuhusu sindano, lakini katriji yangu haina namba mbele. Kuna maandishi madogo tu ubavuni, yamefutika nusu.

Jibu: Piga picha ubavuni, mbele na chini, taa ikitokea upande ili maandishi yajitokeze. Andika na jina la mashine. Ziweke hapa tuzitazame kabla hujanunua chochote.